Ukuta wa Matumbawe Upimwe Kabla ya Kuhukumiwa

Kila msimu wa mvua hapa Mji wa Kale, Mombasa, mjadala ni ule ule: nyumba hii ibomolewe au iachwe? Mwenyewe asema ukuta wa babu yake ni imara, afisa asema ni hatari, na hakuna aliyepima. Nimewahi kumtazama fundi mzee akigonga jiwe kwa nyundo na kutega sikio. Likilia wazi ni zima, likijibu kwa sauti butu limeoza. Simdharau, maana wahandisi nao hufanya jambo lilo hilo kwa mashine.

Mashine hiyo hutoa mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu, mara nyingi mitetemo 54,000 kwa sekunde. Kifaa kimoja hubanwa upande huu wa ukuta, cha pili upande wa pili, kisha huhesabiwa muda wa safari. Ukuta wa sentimita 50 ukivukwa kwa sehemu 200 za milioni ya sekunde, kasi ni mita 2,500 kwa sekunde. Jiwe la chokaa lililoshikana vyema huweza kupita mita 5,000. Kasi ikishuka, kuna vitundu au nyufa. Hakuna kinachobomolewa.

Ila kasi si nguvu, ndugu zangu. Kujua nguvu, lazima kwanza vipande vya jiwe la aina hiyo vipimwe kasi, kisha vikandamizwe maabara hadi vivunjike. Jedwali la mawe magumu ya Ulaya halifai matumbawe yetu yenye matundu kama sifongo. Na kuna mtego wa maji: jiwe lililolowa hupitisha sauti haraka kuliko kavu, ilhali nguvu yake hupungua. Ukuta mbovu ukipimwa katikati ya masika waweza kupewa alama nzuri, na watoto wakalala chini yake.

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina idara ya uhandisi wa ujenzi. Mawe ya nyumba zilizokwisha anguka hayakosekani. Kaunti na Makumbusho ya Taifa wakae na chuo, mawe hayo yavunjwe maabara, tupate jedwali la kwetu. Naamini gharama yake ni ndogo kuliko kuhamisha familia moja kimakosa, au kuizika.

Kwa sasa, akija mtu na karatasi ya kubomoa, au fundi akikuambia ongeza ghorofa hakuna neno, muulize kwa adabu: mulipima ukuta ukiwa mkavu au umelowa, na mulilinganisha na jiwe la wapi?