Daftari la Wiki: Rigyuleta Haipandishi Presha

Anayetaka kung'oa kabureta kwenye gari la zamani na kufunga injekshini huanza na swali moja: niweke presha ngapi? Jibu la haraka ni baa 3, yaani psi 43 na nusu kwa waliozoea geji za Kimarekani. Nozeli nyingi hupimwa ujazo wake kwa presha hiyo, kwa hiyo hesabu zako zitaoana na karatasi ya mtengenezaji. Jibu refu linaanzia nyuma, kwenye tangi, na huko wengi hawapendi kuchungulia kwa sababu hakuna kinachong'aa.

*

Tazama Datsun 240Z. Ndiyo iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa mbio za Safari mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973, kwa kabureta. Ile ya dukani ilikuwa na pampu ya mekanika ubavuni mwa injini, yenye kusukuma robo baa hivi. Ndugu yake 280Z, iliyouzwa Marekani kuanzia 1975, ilikuja na Bosch L-Jetronic ya baa 2.5. Injini ni ya ukoo ule ule wa L, presha imepanda mara kumi. Kiwanda kiliihamisha pampu nyuma, jirani na tangi, kwa sababu pampu ya umeme ya presha kubwa ni hodari wa kusukuma na mvivu wa kuvuta. Mwenye Datsun ya zamani hana haja ya kubuni lolote, aige tu.

Na asije mtu akaniambia injekshini ni mambo ya vijana. Peugeot 404 ambazo Bert Shankland wa Tanzania alishindia Safari mwaka 1966 na 1967 zilikuwa nayo, ya mekanika, ya Kugelfischer.

*

Kwenye gereji moja wiki hii kijana alikuwa anakaza skrubu ya rigyuleta mpya, nyekundu, nzuri kweli, na geji imegoma kwenye baa 2. "Mzee, hii ni feki," akasema. Fundi hakuinua hata kichwa: "Filta umebadilisha lini, mwanangu?"

Ndani ya rigyuleta mna springi na kiwambo cha mpira, basi. Pampu ikisukuma kuliko nguvu ya springi, kiwambo kinanyanyuka na mafuta ya ziada yanarudi tangini. Kazi yake ni kuachia. Pampu ikichoka au filta ikiziba, hakuna cha kuachia, na skrubu unaikaza bure.

Kosa la upande wa pili nalikuta mara nyingi zaidi. Injini ya farasi 150 ikikanyagwa mpaka mwisho inakunywa lita 45 hivi kwa saa. Mtu anafunga pampu ya lita 255 kwa saa kwa sababu ndiyo inayosifiwa. Injini ikinguruma tu bila kukanyagwa, karibu mafuta yote hayo yanatakiwa kurudi, na paipu ya kurudia ni ile nyembamba ya milimita 6. Hayapiti. Presha inapanda juu ya ile uliyoweka, plagi zinakuwa nyeusi, na lawama anabebeshwa aliyepanga kompyuta. Huku nyuma mafuta yanazunguka kwenye joto la injini na kurudi hadi tangi zima linapata moto. Na umeme je? Dainamo ya Lucas C40 iliyokuwa kwenye magari mengi ya Kiingereza inatoa ampea 22 ikijitahidi. Washa taa na feni kwenye foleni ya jioni, uone pampu hiyo itabakiwa na nini.

*

Wanaopandisha kutoka baa 3 hadi 4 wakitarajia theluthi moja zaidi ya mafuta wanapata asilimia 15. Ujazo hufuata kipeuo cha pili cha presha. Nozeli ikiwa ndogo, nunua kubwa.

*

Kale kampira kembamba kanakotoka kwenye manifoldi hadi kichwani mwa rigyuleta kana kazi. Manifoldi inavuta, na ikivuta inaisaidia nozeli kutoa mafuta. Rigyuleta inapunguza presha kwa kiasi hicho hicho ili tofauti ibaki baa 3. Kachomoe injini ikinguruma: mshale wa geji unaruka kutoka 2.5 hivi hadi 3. Usiporuka, kiwambo au mpira una kasoro. Ukikuta petroli ndani ya kampira, kiwambo kimepasuka na injini inanywa kwa mlango wa uani.

Geji husoma kwa kulinganisha na hewa ya nje, na hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Hivyo gari lile lile, lisilokanyagwa, litasoma chini kidogo likifika pwani. Usiguse skrubu.

Wenye koo moja kwa kila silinda hawapati mvuto wa kuaminika. Hao waache tundu la rigyuleta wazi kwa hewa ya nje, kompyuta ipangwe kwa kufuata kanyagio.

*

Mwenye Datsun aliyewahi kuzimikiwa Mtito Andei saa nane mchana anajua kitambaa kibichi juu ya pampu, cha kupoza mafuta yaliyochemka. Mafuta yenye presha ya baa 3 hayachemki upesi hivyo. Ila kabureta ilikuwa na bakuli lake la akiba, injekshini haina. Tangi likiwa robo, kona kali, pampu inavuta hewa na injini inakata papo hapo. Dawa ni kopo la lita moja au mbili: pampu ndogo inalijaza, pampu kubwa inanywa humo, rigyuleta inarudisha humo, ziada inarudi tangini.

Mpira uwe wenye maandishi ya J30R9. Ule wa kabureta, hata ukiwa mpya, hapana.

*

Pampu ya mekanika ilikufa pamoja na injini. Ya umeme inaweza kuendelea kumwaga gari likiwa limepinduka. Funga rilei inayokatwa na kompyuta injini ikisimama, na ile swichi ya ajali iliyomo kwenye Land Rover Discovery nyingi zilizolala gereji. Ina kitufe juu. Gari likizima baada ya kugonga shimo, bonyeza hicho kwanza kabla hujafungua rigyuleta.