Hakimiliki na Hatima ya Vitabu Teule

Mwalimu wa Kiswahili anapokabidhiwa darasa la wanafunzi 60 na nakala nane tu za riwaya teule, aghalabu jambo la kwanza linalomjia akilini ni mashine ya kurudufu. Kitabu hufunguliwa ukurasa baada ya ukurasa, kisha hurejea darasani kikiwa mabunda yaliyobanwa kwa pini. Siku hizi hata karatasi haihitajiki, kwani nakala ya PDF husambazwa kwa WhatsApp kutoka shule moja hadi nyingine. Wengi huliita tendo hili huruma kwa mwanafunzi maskini. Sheria hailioni hivyo.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kutumika nchini Kenya Februari 2003, huilinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Ken Walibora aliaga dunia Aprili 2020. Kwa hesabu hiyo, Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, riwaya zilizopata kutahiniwa katika KCSE, zina wenyewe hadi mwisho wa 2070.

Si kweli, hata hivyo, kwamba sheria imemfunga mwalimu mikono. Inaruhusu matumizi ya kadiri kwa ajili ya utafiti na uhakiki, mradi chanzo kitajwe. Mkusanyo ulioandaliwa kwa matumizi ya shule unaweza kubeba vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka kazi moja, mradi kazi na mwandishi watajwe. Kwa mwalimu anayetaka ubeti wa kufafanulia vina na mizani, au kifungu cha kuchambulia mbinu rejeshi, nafasi hiyo si haba. Kurudufu riwaya nzima ni jambo jingine kabisa.

Uzito wa suala hili katika Kiswahili unatokana na udogo wa soko. Ni Wakenya wachache mno wanaonunua riwaya au diwani ya Kiswahili kwa kujiburudisha. Mnunuzi mkuu ni shule. Kipindi ambacho kitabu kimeteuliwa kutahiniwa ndicho msimu wa mavuno wa mwandishi, na msimu huo hudumu miaka michache tu. Mrabaha nao huhesabiwa kwa nakala zilizouzwa, si kwa nakala zilizosomwa. Mchapishaji anayeona mauzo hafifu ya kitabu kinachosomwa nchi nzima hana sababu ya kupokea mswada wa malenga asiyejulikana. Kisha idara zilezile zinazorudufu huandaa makongamano ya kulalamikia uchache wa vitabu vipya!

Hoja ya umaskini haiwezi kupuuzwa. Wapo wazazi wasiomudu hata karo. Lakini deni hilo si la mwandishi. Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inaitaka dola iunge mkono na kulinda haki miliki za ubunifu za Wakenya, na tangu 2018 serikali imepeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma. Njia, basi, inajulikana. Upungufu wa vitabu teule upelekwe Wizara ya Elimu kwa maandishi, shule kwa shule. Wakati jibu likisubiriwa, nakala nane zinaweza kuzungushwa kwa zamu maktabani, wanafunzi wakisomeana kwa sauti. Kuazimana kitabu kilichonunuliwa hakuvunji sheria yoyote.