Nyangumi Hafukuzwi, Husubiriwa

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Julai hadi Novemba hivi, nyangumi wenye nundu hupita katika maji ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Huonekana Watamu, Unguja, Mafia na sehemu nyingine nyingi. Katika miaka ya karibuni, safari za mashua za kwenda kuwatazama zimekuwa sehemu ya likizo ya wageni wanaozuru visiwa vyetu, na hata ya wananchi wenyewe. Jambo hilo ni jema. Lakini namna safari hizo zinavyoendeshwa yastahili kufikiriwa upya, na shule zetu zina wajibu katika fikra hiyo.

Mwandishi wa makala haya alipata kufanya safari ya namna hiyo mwezi wa Agosti, kutoka kusini mwa Unguja. Tulikuwa abiria wanane katika mashua yenye mashine. Baada ya mwendo wa saa moja, nahodha alituonyesha kitu kama moshi mweupe uliopanda juu ya maji kisha ukatoweka. Ilikuwa pumzi ya nyangumi jike, na ubavuni mwake alikuwako ndama. Nahodha alizima mashine, nasi tukakaa kimya. Kwa muda wa robo saa wanyama wale walielea karibu nasi bila ya wasiwasi. Kisha zikaja mashua nyingine tano kwa kasi. Moja ilimkata njia yule mama, na abiria wake wawili wakajitosa majini mbele yake. Nyangumi alizama, akaibuka mbali akielekea bahari kuu, na mashua zote tano zikamfuata. Mmoja wetu alipomsifu nahodha kwa kutofuata, alijibu kwamba sifa haijazi tangi la mafuta, na kwamba abiria wakisikia kuwa yeye hukaa mbali, kesho watapanda chombo cha mwenzake.

Jibu hilo ndilo kiini cha tatizo. Lakini kabla ya kulijadili, yafaa tujue ni mnyama gani tunayemfukuza.

Watu wengi humwita nyangumi samaki. Nyangumi si samaki bali ni mamalia: ana damu ya moto, hupumua kwa mapafu, huzaa na kunyonyesha. Nyangumi mwenye nundu aliyekomaa huwa na urefu wa mita 13 hadi 16, na uzito wa kiasi cha tani 30. Hata hivyo, chakula chake ni samaki wadogo na vijikamba viitwavyo krili, anavyovichuja kwa vibamba vinavyoning'inia kinywani mwake mahali pa meno. Chakula hicho hukipata kwa wingi katika bahari baridi za kusini, karibu na Antaktika, wakati wa kiangazi cha huko. Majira ya baridi yanapoingia, husafiri maelfu ya kilomita kuja kwenye maji yetu ya joto ili kujamiiana na kuzaa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo abiria wengi hawaambiwi. Nyangumi aliyeko kwetu kwa kawaida hali. Kwa miezi kadhaa huishi kwa mafuta aliyoyaweka chini ya ngozi yake. Mama humzaa ndama mwenye urefu wa mita 4 hivi, na humnyonyesha maziwa mazito yenye mafuta mengi, yote yakitoka katika akiba ile ile. Na akiba hiyo hiyo ndiyo itakayomrudisha kusini. Kwa hiyo, kila anapolazimika kukimbia hutumia nguvu asizoweza kuzirudisha mpaka afike kwenye malisho. Mwanafunzi na afanye hesabu ndogo: mashua kumi, kila moja ikimfuata mama huyo kwa nusu saa tu, zimemnyima mapumziko kwa saa tano katika siku moja. Kila nahodha ataapa kwamba yeye alimsumbua kidogo tu, na kila mmoja atakuwa amesema kweli.

Tena kuna suala la sauti. Katika maji ya bahari, sauti husafiri kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Mlio wa kilomita 3 humfikia nyangumi kwa sekunde mbili. Madume wa jamii hii huimba nyimbo ndefu zenye mpangilio, kama walivyoeleza Roger Payne na Scott McVay katika utafiti wao wa mwaka 1971, na mama na ndama huwasiliana kwa milio hafifu. Ngurumo za mashine nyingi huifunika milio hiyo kama kelele za sokoni zinavyomfunika mtu anayenong'ona.

Ushahidi haupo mbali. Huko Kizimkazi, watafiti waliowachunguza pomboo walikuta kwamba mashua za watalii zilipowazunguka, wanyama hao walipunguza muda wa kupumzika na wakaongeza muda wa kusafiri huku na huko. Ni Kizimkazi hiyo hiyo ambako zamani pomboo waliwindwa ili nyama yao iwe chambo cha papa. Utalii ulipoanza katika miaka ya 1990, pomboo aliye hai akawa na faida kuliko aliyekufa, na uwindaji ukakoma. Basi hatuwezi kusema kwamba utalii ni adui. Tunachosema ni kwamba kumwacha mnyama hai hakutoshi iwapo tunamnyima nafasi ya kuishi.

Nyangumi nao wamekwisha kuonja ukatili wa binadamu. Katika karne ya 20, nyangumi wenye nundu zaidi ya 200,000 waliuawa katika nusu ya kusini ya dunia. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Ushelisheli, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi. Na mwaka 1982 ikaamua kusimamisha uwindaji wa biashara, uamuzi ulioanza kutumika mwaka 1986. Tangu hapo idadi yao imeongezeka sana. Ingekuwa aibu kwetu kama wanyama waliookoka chusa wangekosa raha kwa ajili ya kamera.

Sasa turudi kwa nahodha wetu. Alikuwa na haki. Mtu mmoja akitii utaratibu peke yake, hupata hasara, na anayeuvunja hupata abiria. Kwa sababu hiyo mawaidha pekee hayatoshi. Utaratibu lazima uwafunge wote. Nchi nyingine zimefanya hivyo. Huko Hawaii, chombo hakiruhusiwi kumkaribia nyangumi mwenye nundu kwa chini ya yadi 100, ambazo ni karibu mita 91. Afrika ya Kusini, asiye na kibali hukaa umbali wa mita 300. Sisi nasi twahitaji masharti machache yanayoeleweka: mashua zisizidi idadi fulani kwa nyangumi mmoja, mashine izimwe au ipunguzwe mapema, mama na ndama wasikatwe njia, na abiria wasiruke majini mbele yao. Masharti hayo yatungwe pamoja na manahodha wenyewe, kwani wao ndio waijuao bahari, na riziki ni yao.

Shule zina kazi gani? Shule za pwani zaweza kuanzisha daftari la nyangumi. Mwanafunzi akiwa ufukweni aandike tarehe, saa, mahali, idadi ya nyangumi, kama wana ndama, wanaelekea wapi, na mashua ngapi zinawafuata. Anayepata picha ya upande wa chini wa mkia aihifadhi, kwa sababu mabaka ya mkia wa kila nyangumi ni tofauti na ya mwenzake, na kwa picha hizo mnyama mmoja hutambulikana mwaka hata mwaka. Kazi hiyo haihitaji maabara, yahitaji uaminifu na subira. Daftari la miaka kumi litakuwa na thamani kwa watafiti, na litawapa wanakijiji hoja ya kusimama nayo wanapojadili masharti.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtalii ni mgeni wetu, na nyangumi mama naye ni mgeni wetu. Lakini ndama aliyezaliwa katika maji haya ni mzalia wa hapa. Tumpe muda wa kunyonya.