Nyasi zimegeuka manjano? Usimlaumu mtunza bustani

Msomaji, kabla hujafungua mfereji leo jioni na kuuburura mpira wa maji hadi kwenye nyasi zako zilizogeuka manjano, hebu kwanza nenda ukalete panga. Kuna jambo unalopaswa kuliona kwa macho yako mwenyewe.

Nasema hivi kwa sababu ya yale niliyoyashuhudia mwezi wa Februari katika mtaa wa Buruburu, hapa Nairobi. Mama mmoja ninayemfahamu alikuwa ameamua kumfuta kazi mzee anayemtunzia bustani. Nyasi za mbele ya nyumba, ambazo watoto walikuwa wakigaragara juu yake kila Jumapili, zilikuwa zimefanya mabaka kama kichwa chenye mapunye. Jirani alikuwa amemnong'oneza kwamba mzee huyo hulala chini ya mpera badala ya kunyunyiza maji. Baba wa nyumba naye alikwisha kukata shauri: zing'olewe zote, iwekwe kabro, mambo yaishe.

Basi kwa wiki kadhaa mama alikuwa akimsimamia mzee asubuhi na jioni ahakikishe maji yanamwagwa. Siku za mgao, mifereji inapokauka, alinunua maji ya mkokoteni, yale ya mitungi ya lita 20, akayamwaga kwenye nyasi. Na kadiri alivyomwaga ndivyo manjano yalivyozidi kuenea.

"Nilimwambia mama maji yanalala hapa," mzee aliniambia kwa sauti ya chini, mama alipoingia ndani kuleta chai. "Lakini mimi ni mtu wa kuandikwa tu."

Tulikata kipande cha mraba, upana wa kiganja, kwenda chini kama sentimita 15, kisha tukakinyanyua. Udongo ulikuwa ule mweusi unaonata, ambao wakazi wengi wa Eastlands wanaujua vizuri kwa jinsi unavyong'ang'ania viatu wakati wa mvua. Ulikuwa umelowa chepechepe, unanuka kama yai viza. Mizizi haikuzidi urefu wa kidole gumba, tena ilikuwa imegeuka kahawia. Chini yake tulikuta kokoto na mabonge ya saruji, mabaki ya mafundi waliojenga chumba cha nyongeza. Nyasi zile zilikuwa zinakufa kwa kuzama, huku mwenye nyumba akizidi kuzinywesha!

Mizizi ya nyasi huhitaji hewa kama sisi. Udongo ukijaa maji au ukishindiliwa na magari na mpira wa watoto, hewa hukosekana, mizizi hufa, na jani haliwezi tena kupata chakula hata kama kimejaa tele pale chini. Kwa hivyo jani la nyasi iliyozama na la nyasi yenye kiu yote huwa manjano, na ukitazama kwa juu tu utakosea. Ndiyo sababu nakuambia ulete panga. Ikiwa huna, chukua msumari wa inchi sita siku moja baada ya mvua, uusukume ardhini kwa kidole gumba. Ukikataa kuingia, udongo wako umeshindiliwa.

Yapo mengine ambayo kipande hicho kitakuonyesha. Ikiwa nyasi zinanyanyuka kama mkeka, bila kushikiliwa na mizizi yoyote, pekua udongo utafute mabuu meupe yaliyojikunja, yenye kichwa cha rangi ya kahawia. Hao ni watoto wa mbawakawa, na ndio waliokula mizizi. Ikiwa mizizi ni mizuri, mirefu na myeupe, lakini majani ya zamani ya chini ndiyo yanayokuwa manjano kwanza, nyasi zina njaa ya naitrojeni. Majani machanga yakiwa manjano na mishipa yake ikabaki kijani, fikiria upungufu wa madini ya chuma, jambo la kawaida mahali palipozikwa saruji na chokaa. Na doa la mviringo lililokauka katikati, lenye pete ya kijani kibichi pembeni, muulize mbwa wako. Usisahau pia yale maji ya kufulia yenye dawa ya kung'arisha nguo ambayo hutupwa dirishani.

Lakini kosa ambalo nimeliona katika nyua nyingi kuliko yote hayo ni la ukataji. Wengi wetu tunataka nyasi zifanane na zulia, kwa hivyo Jumamosi huingia fyekeo mpaka chini kabisa. Jani ndilo jiko la nyasi. Ukiliondoa lote, mmea hutumia akiba yake kuota upya, na mizizi hufupika. Nyasi nyingi tulizo nazo Nairobi ni zile zinazoitwa Kikuyu, na hizi hubeba ukijani wake juu tu. Chini ni vijiti vikavu. Ziache na urefu wa sentimita nne au tano, na kila unapokata usiondoe zaidi ya theluthi moja. Kule Buruburu, amri ya kukata mpaka ardhini ilikuwa imetoka kwa mama mwenyewe. Alipoambiwa hivyo alinyamaza kidogo, kisha akamwongezea mzee chai.

Hizi nyasi za Kikuyu zina kisa cha kuchekesha. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina lake limetoka kwa watu wa hapa hapa. Zilipelekwa Australia, Afrika Kusini na hata California, na huko wakulima wengine huzilaani kuwa kwekwe lisilouawa. Sisi wenyewe zinatufia mikononi! Lakini kwao hasa ni sehemu za baridi na mvua nyingi kama Limuru, zenye udongo mwekundu unaopitisha maji. Ukizileta kwenye udongo mweusi wa Eastlands, sharti uzisaidie.

Msaada wenyewe si wa gharama kubwa. Mzee alipumzisha mpira wa maji kwa siku kumi. Kisha akachimba mtaro mwembamba pembeni, kina cha jembe moja, wa kuyatoa maji hadi kwenye mfereji wa barabarani. Udongo ulipoanza kukauka bila kupasuka, alichukua uma wa bustani, akautia ardhini kama sentimita 10 na kuutikisa, akarudia kila baada ya kiganja. Ni kazi ya jasho, na yeye si kijana. Mvulana mkubwa wa nyumba hiyo alilazimishwa kusaidia. Mashimo yalijazwa samadi iliyooza vizuri na kuchekechwa, iliyochanganywa na mchanga wa chembe kubwa. Mabonge ya saruji yaling'olewa yote yaliyofikika.

Mbolea ya CAN ilingoja hadi mvua za masika zilipoanza, kwani ukiimwaga kwenye udongo uliozama utakuwa umetupa pesa. Kipimo ni gramu 20 kwa kila mita moja ya mraba, yaani vifuniko vinne vya soda, vya kusawazisha si vya kurundika. Nyunyiza majani yakiwa makavu, kisha mwagilia mara moja, la sivyo yataungua.

Mabaka matupu yalipandwa vipande vya nyasi hizo hizo vilivyokatwa pembeni, kila kimoja kikiwa na vifundo viwili au vitatu, umbali wa sentimita 15, vikakanyagwa kwa mguu ili vishike. Hivi huhitaji maji kidogo kila siku kwa wiki mbili. Chini ya mpera hatukujaribu. Kikuyu haipendi kivuli, kwa hivyo hapo palipandwa nyasi za Pemba, zile za majani mapana.

Ama kuhusu maji siku za kiangazi, weka mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia juu ya nyasi unaponyunyiza. Ikifika sentimita mbili na nusu, funga mfereji hadi wiki ijayo.

Nilipita pale mwezi wa Juni. Kijani kilikuwa kimerudi kote isipokuwa karibu na lango, panapolala gari. Hapo nyasi hazitaota kamwe, na baba wa nyumba amewekewa vipande viwili vya kabro yake, kimoja kwa kila safu ya magurudumu. Mzee bado yuko kazini. Siku hiyo alikuwa amelala chini ya mpera, na hakuna aliyemwamsha.