Ghorofa za Kariakoo na haki ya jirani

ASIYEIJUA Kariakoo ya wazee wetu, akipita leo Mtaa wa Msimbazi au wa Kongo, hataamini kwamba hapo zilipangana nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele. Barazani ndipo wazee walipobarizi baada ya swala ya alasiri, na ndipo mgeni alipoulizwa anamtafuta nani. Zilizosalia ni chache. Mahali pake zimeinuka ghorofa; chini maduka, juu maghala na makazi ya watu wasiojuana.

Hatusemi kuwa ghorofa ni haramu. Mji unakua, na zipo familia zilizopata riziki ya halali kwa kuingia ubia na wajenzi. Tunachouliza ni hiki: mkataba ulipotiwa saini, ni haki za nani zilizohesabiwa?

Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, ghorofa iliyokuwa ikijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Jiji la Dar es Salaam, iliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo kwenyewe, na zaidi ya watu 20 wakafariki. Walitoka majumbani asubuhi kutafuta riziki, hawakurudi.

Dini yetu imempa jirani haki nzito, hata Mtume (S.A.W.) akadhani, kwa jinsi Jibril alivyomuusia, kwamba jirani atafanywa mrithi. Basi anayechimba msingi kando ya ukuta wa mwenzake bila kumshirikisha mhandisi, au anayezidisha ghorofa kuliko alizoruhusiwa, asijidanganye kwamba anadaiwa na halmashauri tu.

Aidha, nyumba nyingi za huko ni mali za urithi. Wamo wajane, wamo mayatima, wamo madada walioolewa mbali. Kaka mkubwa hana haki ya kuuza fungu la nduguye asiyekuwepo. Warithi wakutane wote, mirathi igawanywe kwanza, mkataba usomwe na wakili, na kibali cha ujenzi kionekane kwa macho, si kwa kusimuliwa. Na kama nyumba ni ya wakfu, sharti la aliyeiweka liheshimiwe.

Baraza zimeondoka, na huenda zisirudi. Ujirani usiondoke nazo.

Wallahu a'lam.