Mwenye maumivu aaminiwe

Nashona nguo soko la Owino, na nina selimundu tangu utotoni. Maumivu yangu hukaa nyongani na mgongoni. Mvua ikinyesha Kampala na baridi ikaingia, hupanda hadi nikashindwa kukanyaga cherehani. Basi nimejifunza kuishi nayo: chupa ya maji karibu, sweta hata mchana, vitambaa nakata nikiwa nimekaa, na jioni napanda boda mpaka mlangoni hata pesa ikiwa haba.

Kinachonichosha zaidi ni kutoaminiwa. "Nyabo, jana si ulikuwa unacheka?" aliniuliza mhudumu wa zahanati moja, akanipa panadoli. Ndiyo, nilicheka. Lakini selimundu haitoi onyo: chembe nyekundu za damu zikijikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, na maumivu huja bila hodi.

Na Uganda haikosi ujuzi wa kutuliza maumivu! Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa lenye makao Makindye, Kampala, lilianza mwaka 1993 na likatengeneza mofini, dawa kali ya maumivu, ya kunywa kutokana na unga, kwa gharama ndogo. Mwaka 2004 wauguzi na maofisa wa kliniki waliosomea tiba shufaa waliruhusiwa kuwaandikia wagonjwa mofini hiyo. Sitaki mofini ya kila siku. Nataka usiku ule mkali usinikute mbele ya mtu anayenishuku.

Muuguzi, mgonjwa akikwambia anaumwa, anza kwa kumwamini. Nawe mwenye duka, mfanyakazi wako akiomba kiti, mpe.