Krapf na kadhi wa Mombasa

Mifano ya Waislamu na Wakristo kuheshimiana hatuna haja ya kuifuata mbali. Mwaka 1844 Ludwig Krapf alifika Mombasa na barua ya Seyyid Said, sultani Mwislamu, iliyowataka maliwali wampokee mmisionari huyo kwa wema. Alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia ni kadhi wa mji. Kadhi, jamani! (Krapf mwenyewe hakuupenda Uislamu, tusimpambe.) Hakuna aliyebadili dini, na kazi ilifanyika. Leo baadhi ya wahubiri wetu wanapanda jukwaani kuikejeli Kurani kwa vipaza sauti, kisha wanasema wanahubiri injili. Huo ni utovu wa adabu tu. Wachungaji, wakanyeni hadharani.